Feni ya NAS Ikianza Kuunguruma: Soma Joto Kabla ya Kushika Bisibisi

Mwenye NAS nyumbani, kile kisanduku cha diski mbili au nne kinachokaa kando ya ruta na kutunza picha za harusi, video za watoto na mafaili ya kazi ya familia nzima, hukisahau kabisa mpaka siku feni yake inapoanza kuunguruma. Hapo swali huwa moja tu: nifanyeje ili inyamaze? Naomba tulianze jambo hili kwa swali jingine: nani ameiambia ikimbie? Feni haijiamulii mwendo wake. Ndani ya kisanduku kuna programu inayosoma joto la diski na la prosesa kila mara, kisha inaiagiza feni iongeze kasi au ipunguze. Kwa hiyo feni yenye kelele ina mojawapo ya sababu tatu: inatii agizo sahihi kwa kuwa kuna joto kweli, au agizo haliifikii, au yenyewe imechakaa. Kila sababu ina tiba yake. Anayezichanganya hununua feni mpya kwa tatizo la vumbi au, vibaya zaidi, huinyamazisha feni iliyokuwa ikiziokoa diski zake.

Ila kabla ya kuitafuta sababu, toa nakala. Vitu visivyoweza kupatikana tena, yaani picha, hati ulizoskani, kazi za wateja, vinakili kwenye diski ya nje, kisha ichomoe na kuiweka mbali. Diski mbili zinazobeba data ileile ndani ya kisanduku kimoja hazitoshi kuitwa nakala: ukifuta faili kwa bahati mbaya linafutika kwenye zote mbili, na umeme ukirudi kwa kishindo zinaweza kuungua pamoja. Siku ya kukifungua kisanduku ni siku ambayo diski zinachomolewa na kushikwashikwa. Usiifikie siku hiyo bila nakala.

Sasa sikiliza vizuri, maana si kila kelele inatoka kwenye feni. Mvumo wa upepo mwingi usiokatika ni feni inayokimbia kasi, na huenda yenyewe haina kasoro yoyote. Mkwaruzo unaosikika zaidi kifaa kikiwashwa kikiwa baridi, kisha ukapungua kikishapata joto, ni bushi iliyokauka au beringi iliyochoka. Tiki-tiki ya haraka inayobadilika kila feni inapobadili mwendo ni panga la feni linalogusa waya au wavu. Na ule mvumo mzito unaopanda na kushuka taratibu mara nyingi hautoki kwenye feni hata kidogo. Diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika hutetemeka mara 120 kwa sekunde. Diski mbili zikizunguka kwa tofauti ndogo sana, mitetemo yao hukutana na kupishana, na kabati lililo chini yake huikuza sauti hiyo ikajaa chumba.

Weka kiganja juu ya kisanduku na ukibonyeze kidogo. Sauti ikibadilika papo hapo, unashughulika na mtetemo. Kaza skrubu za trei za diski, kata vipande vya tyubu ya baiskeli uviweke chini ya miguu ya kisanduku, kihamishe kutoka kwenye ubao mwembamba kwenda juu ya kitu kizito. Kwa watu wengi kazi inaishia hapo bila kufungua chochote. Lakini ukisikia ko, ko, ko, kimya, kisha ko, ko, ko tena, achana na habari za feni. Hiyo ni diski inayoelekea kufa, na kazi yako ya leo ni kuikamilisha ile nakala.

Baada ya sikio, namba. Kila NAS ina ukurasa wa usimamizi unaofunguliwa kwa kivinjari, na humo kuna sehemu ya hali ya kifaa inayoonyesha joto la kila diski, joto la mfumo, na kwenye vifaa vingi kasi ya feni pia. Ziandike namba hizo pamoja na joto la chumba. Joto la diski halina maana bila joto la chumba, na hapa ndipo ushauri mwingi ulioandikwa kwa ajili ya nyumba za Ulaya unapowapotosha wasomaji wetu. Diski inayofanya kazi ndani ya kisanduku chenye feni nzima kwa kawaida hukaa nyuzi 8 hadi 15 juu ya joto la hewa inayoizunguka. Chumba cha London chenye nyuzi 20 kitakuwa na diski ya nyuzi 32. Sebule ya Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, mwezi wa Februari saa nane mchana, inafika nyuzi 31 au 32, na diski ileile itasoma 43 au 44 bila kosa la mtu yeyote. Feni haiwezi kuipoza diski chini ya joto la hewa inayoivuta. Ukiilazimisha ishike nyuzi 35 kwenye sebule hiyo, itakimbia usiku na mchana mpaka ichakae, na 35 hutaiona.

Nairobi nayo ina hali yake. Hewa ni baridi zaidi, lakini jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban moja ya sita kuliko ile ya Mombasa. Feni inasukuma ujazo uleule, ila ujazo huo unabeba joto pungufu. Kwa hiyo usishtuke kuona feni ya Nairobi ikizunguka kasi kidogo kuliko ulivyotarajia kwa chumba chenye ubaridi.

Je, nyuzi 44 zinaiua diski? Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Eduardo Pinheiro, Wolf-Dietrich Weber na Luiz André Barroso, walitoa matokeo ya uchunguzi wa diski zaidi ya laki moja zilizokuwa zikifanya kazi kwenye vituo vya kampuni hiyo. Hawakuona kwamba diski yenye joto zaidi kidogo hufa mapema. Madhara yalijitokeza kwenye joto la juu sana, na hasa kwa diski zilizokwisha kula umri. Diski zilizowekwa kwenye baridi kali nazo hazikuwa salama zaidi. Kipimo ninachokitumia mimi ni hiki: chini ya 45 tulia, kati ya 45 na 50 tafuta sababu bila haraka, ikipita 50 na kubaki huko, chukua hatua siku hiyohiyo, ikikaribia 60 zima kifaa. Watengenezaji wa diski nyingi za NAS wanaruhusu mpaka nyuzi 60 au zaidi, lakini huo ni ukomo wa kiwandani, na diski yenye miaka mitano haina sababu ya kupelekwa huko.

Kwa watu wa Pwani kuna jambo ambalo naliona kubwa kuliko joto. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers pamoja na wa Microsoft walitoa utafiti kuhusu vituo vya data vinavyopozwa kwa hewa ya nje, na walichokiona ni kwamba unyevu wa hewa ulihusika na kuharibika kwa diski zaidi ya joto lenyewe. Hewa ya Pwani ina unyevu na ina chumvi. Feni inayokimbia kupita kiasi inaivuta hewa hiyo kwa wingi usiohitajika na kuipitisha juu ya saketi za diski, pamoja na vumbi lote. Usikiweke kisanduku karibu na dirisha linalopokea upepo wa bahari, wala nyuma ya ukuta wa bafu. Na usifikiri kwamba kuiachia feni kasi ya mwisho ni kuihurumia diski.

Ikiwa namba zimeonyesha joto la kweli, usiende kwenye feni bado. Angalia kwanza kifaa kinafanya kazi gani. Ukiingiza picha elfu kumi za safari na sherehe kwa mkupuo, NAS itakaa siku kadhaa ikitengeneza vijipicha vidogo na kutambua nyuso, prosesa itapanda, na feni itaifuata. Iache imalize. Vivyo hivyo kwa zoezi la kukagua diski nzima ambalo vifaa vingi hulifanya kwa ratiba. Lipangie saa za kazini, wakati hakuna mtu sebuleni.

Lakini kuna mzigo usio wa halali. Mwanzoni mwa mwaka 2014 wenye vifaa vya Synology walianza kulalamika kwamba vimekuwa vizito na prosesa haipumziki. Ikaonekana wahalifu walikuwa wamepenya na kuvitumia kuchimba sarafu ya kidijitali ya Dogecoin. Desemba 2021 QNAP nayo iliwatahadharisha wateja wake kuhusu programu ya kuchimba bitcoin iliyojificha kwa jina la oom_reaper na kula karibu nusu ya nguvu ya prosesa. Kwa hiyo feni iliyopandisha kasi ghafla, bila picha mpya, bila ukaguzi wa diski, na chumba ni kilekile, inakutaka ufungue orodha ya programu zinazoendeshwa na uone nani anakula prosesa. Ukikuta jina usilolielewa, chomoa waya wa intaneti kabla ya kufanya lingine lolote, kisha sasisha programu endeshi na ubadilishe manenosiri yote. Na kama ulikifungulia kisanduku mlango kwenye ruta ili ukifikie ukiwa safarini, ufunge. Waliopata hasara kubwa ni wale walioviacha vifaa vyao wazi kwa dunia nzima.

Tukitoka hapo tuje kwenye mahali. Hapa ndipo tiba nyingi zilipo, na hazigharimu kitu. NAS nyingi huvuta hewa kwa mbele, ikapita katikati ya diski, ikatolewa na feni iliyo nyuma. Ukikisukuma kisanduku mpaka mgongo wake uguse ukuta, au ukakifungia ndani ya kabati la televisheni lenye mlango wa kioo, hewa ya moto inayotoka nyuma inazunguka na kuingia tena mbele. Acha angalau sentimita 10 nyuma. Toa UPS na dekoda zilizobanana nacho, kwa sababu nazo zinatoa joto mchana kutwa. Na kile kitambaa cha kufuma kilichotandikwa juu yake ili kisishike vumbi, tafadhali kiondolewe. Kama ni mama mwenye nyumba aliyekitandika, mweleze kwa heshima kwamba kifaa hiki kinahitaji hewa, na kitambaa kiende juu ya meza ndogo.

Usidharau nyuzi tatu au nne utakazozipata kwa kuhamisha kisanduku. Kelele za feni hazipungui sawasawa na kasi yake. Ukiishusha kasi kwa nusu, hewa inapungua kwa nusu, lakini kelele inashuka kwa takriban desibeli 15, na hizo ni nyingi mno sikioni. Hata kupunguza moja ya tano tu ya kasi kunashusha karibu desibeli 5. Ndiyo maana kisanduku kilichopata nafasi nyuma yake na hewa iliyopoa kidogo kinaweza kunyamaza jioni hiyohiyo, bila senti kutumika.

Sasa tuchukue hali ya pili: joto liko chini, diski ziko 38 au 40, prosesa imetulia, na bado feni inakimbia kwa nguvu zake zote. Ingia kwenye mipangilio. Kwenye Synology utaikuta kasi ya feni ndani ya paneli ya udhibiti, sehemu ya vifaa na umeme, ikiwa na chaguo la kasi kamili, la kupoza na la utulivu. Kwenye QNAP ipo pia ndani ya paneli ya udhibiti, na unaweza kuiacha ijiendeshe au kuipanga mwenyewe. Kuna mtu alichagua kasi kamili siku ya joto kali na akasahau. Hilo hutokea sana, hasa kifaa kikiwa cha ofisi au cha watu wawili. Chagua utulivu, subiri dakika kumi, usikilize.

Kasi ikishuka kisha ikapanda tena taratibu pamoja na joto, programu na feni vinaelewana vizuri, na shida ni joto. Rudi kwenye mahali na vumbi. Kasi isipobadilika hata kidogo, agizo haliifikii feni. Kama ukurasa unasema feni imesimama au imeharibika huku unaisikia inazunguka, basi taarifa hairudi kutoka kwenye feni, na vifaa vingi vikikosa taarifa hiyo huipa feni kasi yote kwa tahadhari. Ndivyo inavyokuwa pia kihisi cha joto kisiposomeka. Angalia kama kuna diski moja inayotoa namba isiyoingia akilini, mfano sifuri au 90 wakati jirani yake ina 40. Kwa sababu ya diski hiyo moja kisanduku kizima kinaweza kuwa kinapiga kelele. Na kama kelele ilianza mara tu baada ya kusasisha programu endeshi, zima kifaa kwa utaratibu, chomoa umeme kwa dakika chache, washa tena, halafu angalia kama kuna sasisho jipya zaidi. Kelele za sekunde chache wakati wa kuwasha ni kawaida.

Ukifika hapa bila jibu, ni wakati wa bisibisi. Angalia kwanza kama dhamana bado ipo na kama kufungua kutaivunja. Zima kutoka kwenye ukurasa wa usimamizi, si kwa kuchomoa waya, kisha toa plagi. Kama kifaa chako kinatumia chaja ya nje ya volti 12, hatari ni ndogo. Kama waya wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye kisanduku, kuna sehemu ya umeme wa volti 230 ndani. Usiifungue hiyo kamwe, na usikiwashe kisanduku kikiwa wazi. Zitoe diski na uzibandike tepu yenye namba za nafasi zake, ya kwanza, ya pili, ili zirudi zilipokuwa.

Mafundi wengi hupenda kupuliza tu. Kupuliza ni sawa, lakini shika mapanga ya feni yasizunguke, kwa sababu yakizungushwa kwa upepo mkali bushi inaumia na feni yenyewe inazalisha umeme unaorudi kwenye ubao. Usitumie kompresa ya fundi pancha: hewa yake imebeba maji na mafuta. Brashi laini ya rangi na bloa ndogo vinatosha, na uchafu ulioganda kwenye mapanga ufute kwa pamba yenye spiriti kidogo. Safisha pia wavu wa mbele na matundu ya trei, sehemu ambazo watu huzisahau ingawa hewa yote inapitia hapo. Kwenye nyumba za Pwani usishangae kukuta mayai ya mjusi au sisimizi. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inahitaji usafi huu mara mbili au tatu kwa mwaka.

Zungusha feni kwa kidole. Nzuri inazunguka kwa wepesi na kusimama taratibu. Ikisita, ikikwaruza, au ukiishika katikati ukaona inacheza upande na upande, imechoka. Feni za bei nafuu zina bushi, na bushi iliyokauka inaweza kufufuliwa kwa muda. Bandua stika iliyo katikati upande usiozunguka. Ukikuta kizibo kidogo, king'oe, weka tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, izungushe kwa mkono, futa yaliyomwagika, rudisha kizibo na stika. Mafuta ya cherehani ni mepesi na hayakauki haraka. Mafuta ya kupikia yataganda na kunata, oili ya gari ni nzito mno, na ile dawa ya kopo ya kulegeza kutu inaosha mafuta yaliyobaki kisha inavukiza. Feni zilizozibwa kabisa usizitoboe. Kazi hii hukupa miezi michache ya kutafutia feni mpya kwa utulivu, na mimi sishauri mtu aitegemee kwa zaidi ya hapo.

Feni mpya ndiyo sehemu inayoharibu vifaa vingi, kwa hiyo twende polepole. Kabla ya kwenda Kariakoo, Luthuli au duka lolote, nakili kila kitu kilichoandikwa kwenye stika ya feni ya zamani: volti, ampea, na namba ya mfano. Pima upana wake na unene. Za NAS ndogo za Synology nyingi zina milimita 92, vifaa vingine vina 80, 70 au 60, na unene wa kawaida ni 25. Kisha hesabu waya. Ikiwezekana nenda na feni yenyewe mkononi.

Feni ya waya tatu ina waya wa hasi, waya wa volti 12, na waya wa taarifa unaoiambia NAS feni inazunguka kwa kasi gani, kwa kutuma mapigo mawili kila mzunguko. Kasi yake inapunguzwa kwa kupunguza volti. Feni ya waya nne ina waya wa ziada wa amri: inapewa volti 12 wakati wote, na kasi inapangwa kwa mapigo ya umeme yanayokwenda karibu mara 25,000 kwa sekunde kwenye waya wa nne. Waya wa amri ukikatika au ukiwa haujaunganishwa, feni ya waya nne hukimbia kasi yote, kwa sababu ndivyo ilivyobuniwa. Nayo feni ya waya tatu ukiichomeka kwenye soketi inayotoa amri kwa waya wa nne peke yake, itakimbia kasi yote vilevile, kwani haina sikio la kuisikia amri hiyo. Malalamiko mengi ya aina ya "nimebadilisha feni na kelele imezidi" yanaishia kwenye aya hii. Nunua feni yenye idadi ileile ya waya.

Mtego mwingine uko kwenye rangi. Kwenye feni nyingi za waya tatu mweusi ni hasi, mwekundu ni volti 12, na wa njano ni wa taarifa. Kwenye feni nyingi za waya nne mweusi ni hasi, wa njano ndio volti 12, kijani ni taarifa, bluu ni amri. Kwa hiyo njano ileile inabeba taarifa hapa na umeme pale. Fundi anayeunganisha kwa kufuata rangi anaweza kuisukuma volti 12 kwenye tundu la taarifa la ubao, na ubao huo hauponi. Fuata nafasi: kwa mpangilio wa kawaida wa kompyuta wa kwanza ni hasi, wa pili ni volti 12, wa tatu taarifa, wa nne amri. Hata hivyo kuna watengenezaji wa NAS wanaotumia plagi ndogo zaidi na mpangilio wao wenyewe, kwa hiyo pima kwa mita kabla ya kuunganisha. Plagi isipoingia, usiilazimishe wala kuinyoa. Kata waya za feni ya zamani karibu na feni ili plagi yake ibaki na mkia mrefu, unganisha na feni mpya waya kwa waya, chomelea kwa risasi, na kila kiungo ukifunike kwa bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto. Tepu peke yake italegea kwa joto la humo ndani.

Kuhusu feni zilizotengenezwa ziwe tulivu: nyingi ni nzuri kweli, ila uzisome namba zake. Noctua NF-A9 PWM, ya kampuni ya Austria, ina milimita 92 na waya nne, inafika mizunguko 2,000 kwa dakika na inaweza kushuka mpaka karibu 400. Kuna NAS ambazo programu yake, ikiona kasi ndogo hivyo, huamini feni imesimama. Inapiga kengele, inaisukuma feni juu, inaona imepona, inaishusha tena, na unapata kelele inayopanda na kushuka usiku kucha. Chagua feni ambayo kasi yake ya chini na ya juu inakaribiana na ile ya kiwandani, hata kama kuna nyingine inayosifiwa zaidi. Kwa sababu hiyohiyo usiweke kipunguza volti kwenye waya wa feni ya NAS. Mfumo unategemea kuiamuru feni ipande siku ya hatari, na wewe utakuwa umeifunga miguu. Isitoshe, volti ikiwa ndogo mno feni inaweza kushindwa kuanza kabisa baada ya umeme kukatika na kurudi.

Wakati wa kufunga, angalia mshale ulio pembeni mwa fremu unaoonyesha upepo unakoelekea, na uuelekeze kama ulivyokuwa mwanzo. Kaza skrubu kwa zamu, usiikamilishe kona moja kabla ya nyingine, na mipira ya kuzuia mtetemo uirudishe yote. Ukiwasha, shika kipande cha karatasi laini nyuma: kisukumwe nje. Kikivutwa ndani, umeigeuza. Kisha iache siku nzima, usome joto asubuhi, saa nane mchana na usiku, ulinganishe na namba ulizoandika mwanzo. Diski zikibaki ndani ya nyuzi mbili au tatu za zamani na kelele imepungua, kazi imekwisha.

Na kama feni mpya, sahihi, iliyounganishwa vizuri, bado inakimbia kasi ya mwisho huku diski zikiwa na nyuzi 38, kosa liko kwenye ubao wa saketi. Usinunue feni ya tatu. Hakikisha nakala imekamilika na inafunguka kwenye kompyuta nyingine, kisha kipeleke kisanduku kwa fundi wa saketi bila diski ndani. Diski baki nazo wewe nyumbani.